Mbuzi wa Kupumzikia

Jumapili, 1 Agosti 1937. Kibwezi

Wageni leo. Wazungu watatu na memsabu mmoja aliyeomba kuku mara ya pili. Nikiwa nyuma ya mlango nimemsikia Bwana akieleza habari za kaka yake. Kiingereza changu ni cha jikoni, lakini hili nimelisikia sawasawa. Huyo kaka alikuwa na kazi ya serikali huko India. Ameiacha. Hajafukuzwa, si mgonjwa, nywele zote bado ziko kichwani. Sasa anakaa kwao anavua samaki, na kila mwezi analipwa. Analipwa kwa kukaa! Kitu hicho kinaitwa penshen.

Nimesimama na pudini mkononi mpaka ikaanza kulala upande. Nimewapikia Wazungu tangu kabla ya vita vya Mjerumani. Huyu ni wa nne — tunamwita Bwana Mluzi, maana hata akiumwa jino anapiga mluzi. Katika wote wanne hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna kazi ya kukaa.

Jumanne, 3 Agosti

Nimemwuliza Sugow. Huyu ni Msomali anayenunua ng'ombe na mbuzi kutoka Kambu mpaka huku juu, na akipita Kibwezi lazima aje mlango wa jiko kunywa chai. Kikombe ni chake mwenyewe, na birika analinusa kwanza, kwa sababu jikoni kwangu nguruwe hupita.

Nikamweleza penshen. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Anasema kwao mtu akiacha kutembea na mifugo yake, basi amekufa au ameoa mke mdogo. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi pia nina penshen. Kila mwaka nampelekea mke wangu Muthoki pesa kule kwetu Matinyani, Kitui, ananunua mbuzi. Akaacha kucheka. Mambo ya mbuzi hachezi nayo.

"Mzee Kiilu, umewaona kwa macho yako?"

Nimewaona, walipokuwa bado wachache.

"Wanazaa?"

Wanazaa.

"Basi wewe na nguruwe mnafanya nini hapa?"

Nikamwongezea chai. Ni usiku sasa, bado nalitafuna swali hilo.

Jumatano, 4 Agosti

Nimefikiri juu ya matumizi. Sukari naweka Jumapili tu, siku nyingine naitazama. Viatu ninavyo, navibeba. Sabuni ni ya Bwana. Ugoro siuachi, asiniguse mtu. Pombe ya asali nakunywa nikialikwa, na ninajua njia zote za kualikwa. Kwa nini nijinyime zaidi? Mtu akiweka kila kitu akiba aje afurahi siku ambayo hana meno — huyo amemwekea nani?

Ila nikitumia vyote sasa, nitakuwa na meno na sina cha kutafuna. Kichwa kinauma.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimemwambia Bwana. Kwamba nataka kupumzika kazi kama kaka yake. Akaacha mluzi. Akasema kwa kile Kiswahili chake: wewe bado hapana mzee, wewe nguvu kama punda. Nikamshukuru kwa punda.

Mwisho ameniruhusu niende nyumbani kutazama mambo yangu. Nikirudi kabla ya mwezi kwisha, jiko ni langu. Nisiporudi, ni la Muthama, yule anayenisaidia. Muthama akichemsha mayai unaweza kumpigia nayo fisi. Bwana anajua. Aliniangalia kama mtoto anayeachwa sokoni.

Nimenunua kwake kile kiti cha turubai cha kukunja. Muthoki atasema nimetupa pesa. Lakini mtu anaacha kazi ili akae — atakaa juu ya nini?

Alhamisi, 12 Agosti. Matinyani

Nimefika jana, treni halafu malori ya Mhindi, mifupa yote imebadilishana mahali.

Boma limejaa! Sikuamini. Muthoki alisimama mlangoni amekunja mikono, akaniacha nizunguke nikitazama kama mnunuzi. Binti yetu Kalunde ameshaolewa ng'ambo ya mto, kwa hiyo ni yeye peke yake na mbuzi. Sheria yake ni moja. Majike hawaliwi, hawauzwi, hawatolewi. Wanaokwenda ni madume tu: wachache wa kodi ya nyumba, wachache wa chumvi na nguo, mmoja wa Krismasi. Akanionyesha kwa vidole jinsi sisi wawili tunavyoweza kula hivyo mpaka tufe, na boma halipungui.

Nikauliza, na ugoro?

"Ugoro sikuuhesabu, baba Kalunde. Sikujua kama pua nayo itakuja."

Tukacheka. Zamani tulikuwa tukicheka hivi, nilikuwa nimesahau.

Leo nimeamka jua limepanda. Hakuna aliyetaka chai ya saa kumi na mbili. Nimelala tena, kwa makusudi.

Jumamosi, 14 Agosti

Aibu.

Nilichukua kiti changu nikaenda mahali wazee wa nzama wanapokaa. Hao ndio wanaoamua mambo ya huku, wana vigoda vyao vya miguu mitatu. Nikawasalimu, nikafungua kiti — tap! — nikakaa. Kizuri sana kile kiti. Kirefu kuliko vigoda. Nikawa nawatazama wote kutoka juu.

Wakageuza shingo. Halafu Mutie, mkubwa wao, akasema, "Kijana, nani amekupa kukaa?"

Kijana. Mutie! Tulitahiriwa siku moja, kisu kimoja, na aliyelia si mimi.

Nilijua desturi, nani asiyeijua. Huku kwetu umri peke yake haumpandishi mtu. Unatoa mbuzi na pombe, wazee wanakula, unapanda daraja. Unatoa tena, unapanda tena. Usipotoa, hata nywele ziwe pamba, wewe ni kijana: utakata kuni, utachuna, utakula shingo umesimama. Lakini mimi nilidhani nimeshatolewa mbuzi! Kila mwaka nilipotuma pesa, nilimwambia ndugu yangu Mbuvi amweleze Muthoki atenge mbuzi wa wazee.

Hakuna mbuzi hata mmoja aliyefika. Na kwa ajili ya kiti nimetozwa mbuzi wa faini. Nimekaa juu ya kiti kwa muda wa kunusa ugoro mara moja, mbuzi amekwenda.

Jioni

Nimemwuliza Muthoki kama Mbuvi alimpa maneno yangu.

"Alinipa. Mimi ndiye sikuwapa mbuzi."

Anasali kanisani kwa Mwalimu Jonah, pombe haiingii katika nyumba hii hata kwa harufu. Akasema nilimwambia anunue mbuzi wa kupumzikia, na mbuzi aliyeliwa na walevi hampumzishi mtu. Angewapa wazee kila mwaka, leo boma lingekuwa tupu, mimi ningekuwa mzee mwenye kigoda asiye na chakula, na ningerudi Kibwezi kupika.

Ni kweli. Lakini sasa nina chakula na sina kigoda, na keshokutwa nimeitwa kukata kuni.

Sijui nani amekosea. Nimetafuta mkosaji nyumba nzima.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimekata kuni. Kibwezi kuni zilikuwa kazi ya Muthama. Vijana niliokuwa nao ni rika la mjukuu, wananiita "mwenzetu". Mmoja akaniuliza kama huko kwa Wazungu nilikuwa naota ndevu za kukodi.

Nilipofikisha mzigo nikamwuliza Mutie, nikitoa yote kwa pamoja, itakuwa ngapi? Madaraja yote niliyokosa, mara moja? Akatazama juu kama anayesoma mawinguni. Alipomaliza kutaja, na fahali juu yake, na asali, nikaona amechukua nusu ya boma langu, na majike ndani yake.

Nikitoa, sheria ya Muthoki inakufa. Nisipotoa, nitakuwa nabeba kuni mpaka siku ya kaburi, na hilo kaburi wataniambia nilichimbe mwenyewe.

Jumatano, 18 Agosti

Leo mbuzi wa faini ameliwa. Vijana walikuwa wanamwunguza! Nje mkaa, ndani damu. Nikavumilia. Nikatazama kando. Halafu mmoja akatupa ini lote motoni kama gogo, na mikono yangu ikakataa.

Nikawasukuma. Ini nikalikata jembamba, nikaligeuza katika mafuta ya figo. Mifupa nikaipa maji kidogo, moto kidogo, ndimu moja, pilipili. Mgawo sikuugusa, kila daraja na nyama yake, hiyo naiheshimu. Nilipika tu.

Wazee walikula mpaka mifupa. Mzee mmoja ambaye hana jino hata la kuonyesha wageni alimaliza yake na akaangalia ya jirani. Mutie alilamba vidole, akaendelea mpaka kifundo cha mkono.

"Nani amepika?"

Kijana Kiilu, wakamwambia.

"Huyo asiwe mbali."

Nimefurahi. Naandika ukweli, nimefurahi sana. Nimelala na furaha hiyo mchana mzima, sasa naanza kuiogopa.

Ijumaa, 20 Agosti

Nimeitwa tena. Kesi ya shamba, imeisha kwa mbuzi. Nimepika. Nikamwambia Mutie nataka kutoa nusu ya mali yao sasa na nusu baada ya mvua. Akasema tule kwanza, maneno hayaharibiki.

Jumapili, 22 Agosti

Nimeitwa jana pia. Watu wameanza kutafuta makosa ya kutozana. Mtu mmoja amelipa mbuzi kwa sababu jogoo wake aliwika juu ya paa la jirani.

Leo nimekwenda kanisani na Muthoki, labda njia iko huko. Mwalimu Jonah ni mtu mpole, wa rika la Kalunde, ananiita "baba". Amesema kanisani hakuna kutoa mbuzi ili uitwe mzee. Naweza kupewa benchi la mbele mwaka huuhuu. Niache pombe, ugoro na mzaha tu.

Pombe naweza kuificha. Nikamwuliza mzaha umekatazwa ukurasa gani. Akacheka, akajikaza. Miaka ile nilipokuwa natafuta kusoma misheni, nilifukuzwa kwa kuuliza nani alikuwa anampikia Adamu kabla Hawa hajaumbwa. Nadhani hata leo ningefukuzwa.

Tulipokuwa tukiagana Jonah akanishika mkono kwa mikono miwili. Mwezi ujao kuna wageni Wazungu wanakuja kuona kanisa. Ati baba Kalunde, ile pudini ya mayai unaijua?

Muthoki hakunitazama njia nzima.

Jumanne, 24 Agosti

Sugow ameingia Matinyani kununua mifugo. Nilimsikia kabla sijamwona, akibishana juu ya kwato. Ameleta maneno ya Bwana Mluzi: lori la Mhindi linaondoka Kitui Jumamosi asubuhi. Nikiwa juu yake, mshahara umepanda. Bwana anakula vya mkebe wiki nzima na mluzi umekwisha kabisa.

Akatazama boma langu, akanyamaza kama mtu aliye msikitini. Halafu akasema nisimpe mtu yeyote hata mmoja wa mbuzi hawa, ni dhambi. Nimwuzie yeye.

Nikamweleza shida. Akasema ni rahisi. Niuze wote, nirudi Kibwezi, pesa nizitumie nikiwa mtu wa furaha. Mbuvi naye alikuwepo. Akasema ni rahisi, nibaki na nikate kuni, kuni si ugonjwa. Kila mtu kwake ni rahisi. Mimi tu ndiye nimewekewa kichwa cha mtu mwingine.

Mbuvi alipokuwa anaondoka nikamwuliza, mbona wazee hawanijibu? Nataka kutoa, wao hawataki kupokea. Lini uliona mzee anakimbia mbuzi?

Akanicheka. "Wewe Kiilu, umesoma mpaka umepotea. Mtu akiwa mzee hashiki chungu. Wakikupandisha, nani atawapikia?"

Nimekaa chini palepale. Chini, kwenye vumbi. Kumbe sikuacha kazi. Nimehama tu, nikaacha mshahara njiani.

Jumatano, 25 Agosti

Nimemwambia Muthoki narudi Kibwezi. Nilisema kama mzaha. Kule napika nalipwa, hapa napika bure, hata punda wa Bwana angeliona hilo.

Hakucheka. Alikuwa anatwanga mahindi ya muthokoi kuyatoa maganda, akaendelea kutwanga. Halafu akasema, mchi bado mkononi:

"Baba Kalunde, nimelala peke yangu tangu mtoto hajaota meno. Nilijiambia, boma likijaa atakuja. Kila jike aliyezaa nilijiambia, sasa ni karibu. Limejaa. Sasa unaniambia lori."

Nikaokota punje zilizoruka nje ya kinu. Nikazirudisha moja moja.

Baadaye akaingia bomani mwenyewe. Akatenga. Akatenga na majike, akiwashika masikio mmoja mmoja, anawajua wote kwa mama zao. Akasema toa. Wape. Pombe waipike wenyewe huko kwao, nisiione, lakini mbuzi wape wote siku moja mbele ya watu, ili washindwe kukataa. Tutabaki na wachache. Tutakula kidogo. Lakini utakaa.

Nikamwambia na kanisa je? Akasema kanisa atalijibu yeye.

Mimi niliyekwenda mbali ili nisiwe maskini, na yeye aliyekaa ili tusiwe maskini, leo tunatoa ili niweze kukaa. Nimelipindua neno hili kila upande. Halikai wima.

Alhamisi, 26 Agosti

Tumewapeleka. Njia nzima watu walisimama kutazama. Fahali amenunuliwa kwa Sugow, kwa bei ya kuniua, na machozi alitoa yeye.

Mbele ya watu wote Mutie hakuweza kukataa. Alizunguka, akawatazama meno, akakohoa. Kesho wataliwa wa kwanza, na jua likishuka wazee watatamka. Ama "kaa", na mtu ananiletea kigoda. Ama "bado", na wakisema bado mbuzi hawarudi, wanangoja daraja lingine. Desturi ni yao.

Na kwa kuwa mpaka watamke mimi ni kijana, kesho nani atapika mbuzi wa Kiilu? Kiilu.

Ijumaa, 27 Agosti

Naandika hapa kwenye moto, chini ya vichaka, karatasi kwenye goti. Vijana nimewatuma maji ili wasinione.

Asubuhi Muthoki aliniambia neno moja tu: "Unguza." Nikamwuliza ati nini. "Unguza, baba Kalunde. Wakila vibaya hawatakutaka jikoni. Watakupa kigoda leo leo ili ukae mbali na chungu chao." Mwanamke huyu angekuwa serikali, kodi ingelipwa na Wazungu.

Nikaona ana akili. Nikakubali. Nikaapa.

Nikaanza na ini. Nililiweka motoni nikageuka kando, nikanusa ugoro, nikahesabu mawe. Nikasikia harufu inaanza kubadilika — na mkono umeshalitoa. Sikuutuma. Basi nikasema ini si kitu, chungu ndicho kitakachoamua. Nikaongeza kuni nyingi ili nyama ishike chini. Halafu nikazipunguza.

Sasa supu inachemka taratibu, imekaa rangi yake. Sijawahi kupata nyama kama hii Kibwezi, ile ya nyumbani ina majani ya nyumbani ndani yake. Huyu ni yule jike mwenye sikio jeupe. Muthoki alimshika kwa muda mrefu kuliko wengine.

Mutie ametuma mtu kuuliza kama tayari. Nimesema bado. Iko tayari.

Kutoka hapa nawaona wazee kwenye vigoda, shingo zote zimegeukia moshi. Upande wa pili, njiani, Muthoki amesimama peke yake. Upepo unaelekea kwake. Ameinua pua. Ananusa ajue kama imeungua.

Chumvi nimeichota ukufi mzima. Nikiimwaga yote hakuna mtu atakayeweza kumeza, nami nitakaa. Ni kufungua vidole tu, hata mtoto anaweza.

Nimeonja. Inataka kidogo.

Nimetia kidogo. Inayobaki bado iko mkononi, naandika kwa mkono wa pili, na huko wanaita tena, kijana, kijana —